Pine za Mlima

"Papa Orpha, utamwambia lini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, siku ya Alhamisi mchana, yeye akiwa na tonge la bugali mkononi na bakuli la ndagala mapajani. Alilirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono ingawa chakula kilikuwa bado hakijafika nusu, kisha akasema bila kunitazama, "Nenda ukasome, Spès." Tulikuwa likizo. Hakukuwa na kitu cha kusoma.

Hapa Nyakabiga, mtaa wetu wa Bujumbura, Papa Orpha anajulikana kama mtu wa pine, yaani tairi. Jina lake ni Honoré. Orpha ni binti yake wa kwanza, na ni rafiki yangu, ndiyo maana nusu ya utoto wangu nimeimaliza kwenye kwado ya baba yake. Kwado ni neno alilokuja nalo kutoka Uvira, Congo: ni mahali pa kuziba na kubadilisha pine. Ya kwake ni mabati manne, kompresa moja inayokohoa kabla ya kuwaka, beseni la maji ya kutafutia matundu, na pine kubwa ya lori iliyosimamishwa kando ya barabara iwe kibao. Juu ya pine hiyo ndipo mimi na Orpha tulipokuwa tukikaa.

Ni mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa sababu ya kazi, na kidole gumba cha mkono wa kulia kina ukucha mnene mweusi kama gamba la kobe. Shule yake yote iko kwenye ukucha huo. Alisoma mpaka darasa la tano, halafu akapelekwa kwa fundi mmoja wa Uvira aliyeitwa Djibril, na huyo Djibril hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alimfundisha kubonyeza ukucha kwenye mpira. Ukizama kidogo na mpira ukarudi, pine bado kijana. Ukikataa kuzama, pine imezeeka hata kama inang'aa kama kiatu cha harusi. Baada ya hapo unanusa ndani, unagonga kwa chuma na kusikiliza, na mwisho unasoma tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka ambao pine ilitengenezwa. Papa Orpha alinifundisha kuzisoma nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mpaka leo siwezi kupita karibu na gari lililosimama bila kuinama kuangalia limevaa pine za mwaka gani, na mama yangu anaona aibu.

Djibril alikuwa na sheria moja zaidi: mbele ya mwenye gari husemi "sijui". Kijana mwenzake na Papa Orpha aliwahi kumwambia dereva wa lori "sijui", na Djibril akamfukuza saa ile ile, hata sandali zake zikabaki. Papa Orpha alipotusimulia hilo alikuwa anacheka. Nami nilicheka. Sikuona kwamba ndani ya hicho kicheko bado kulikuwa na kijana wa miaka kumi na minne anayeangalia sandali za mwenzake.

Vita vilipomtoa Uvira alivuka mpaka, akafungua kwado Gatumba, akakaa huko miaka mingi. Mafuriko ya mwaka 2020 yakaingia. Kompresa ilikwenda, vyuma vya kubandulia pine vilikwenda, na godoro pia. Alifika Nyakabiga na jeki moja begani na mkoba wa shule wa Orpha kichwani, na hapa hakuna aliyemjua. Akaanza upya, na katika mwaka mmoja tu watu wakawa wanamwita Docteur.

Jina hilo lilianza kwa dereva mmoja wa teksi aliyekuja kujaza upepo ili aende Rumonge. Papa Orpha aligonga pine ya mbele mara mbili, akasema, "Hii hauendi nayo." Dereva akamcheka. Papa Orpha akaivua hivyo hivyo, akaifungua, na ndani nyuzi zilikuwa zimekatika zote, kama kikapu kilichotafunwa na panya. Yule dereva alizunguka mtaa mzima akisimulia. Wiki hiyo hiyo Sylvère, jirani yetu asiyejulikana anafanya kazi gani ila ana mkono mzuri wa kuchora, akachukua rangi nyeupe na kuandika kwenye ile pine ya lori: DOCTEUR PNEU, yaani daktari wa pine. Papa Orpha alijifanya kukasirika. Jioni nilimwona anaifuta vumbi kwa kitambaa, herufi moja moja.

Nalieleza hili ili mwenye kusoma ajue lile jina lilikuwa nini kwake. Maji yalikuwa yamechukua vyote, na hicho ndicho kitu cha kwanza alichopata baadaye.

Mwaka 2021, mwezi wa saba, lilikuja gari la manjano.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa na milango miwili, na limekaa chini sana hata kuku wangeweza kulichungulia ndani. Watoto waliliita Chura. Mwenyewe alikuwa Maxime, kijana wa hapa hapa mtaani aliyefanikiwa akajenga Gasenyi, lakini mama yake, Mama Caritas, bado anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Gari alilinunua Dubai, likaja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Barabara zetu zilikuwa zimeshazitafuna pine zake. Moja ya nyuma ilikuwa na uvimbe ubavuni kama jipu.

Maxime alichuchumaa karibu na Papa Orpha akiwa na kitabu kidogo mkononi. "Docteur, kitabu cha gari kinasema natakiwa pneus été, za mwendo mkali. Zote nne aina moja."

"Été?"

"Ndiyo. Za kiangazi."

Mimi nilikuwa juu ya pine ya lori na kipande cha muwa mdomoni, nikamwona Papa Orpha anaangalia kidole chake, kama mtu aliyejikwaa akajishika. Kisha akacheka kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mkaa ng'ambo ya barabara.

"Été ya wapi, Maxime? Ya hapa inaisha mwezi wa tisa! Mvua ikianza utafanya nini? Utavua pine utembelee chuma?"

"Ataazima ndala za Docteur!" akadakia Sylvère, na watu wote waliokuwa pale wakacheka.

Maxime naye alicheka. "Mi nasema tu kile kitabu kinasema, Papa."

"Kitabu kiliandikwa na batu hawajawahi kuona Bugarama. We unapandaka Bugarama, apana?" Bugarama ni huko juu milimani, njia ya kwenda ndani ya nchi, kona juu ya kona.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda Gitega, kutoa mahari ya mdogo wangu. Mama amesema lazima apande na mimi, hataki gari ya mutu mwingine."

"Basi. Niachie mi."

Na Maxime akamwachia. Alikiweka kitabu mfukoni kwa heshima, kama mtu anayefunga simu mbele ya mkubwa.

Tulimfuata Papa Orpha mpaka Buyenzi, mimi na Orpha, kwa sababu tulipenda kuona anavyochagua. Muuzaji aliyeitwa Aboubacar alikuwa na pine za kontena, zilizotumika kidogo Ulaya. Za kipimo cha Chura zilikuwa za aina mbili tu. Aina ya kwanza ilikuwa na mifereji michache mipana, mpira mgumu, uso karibu laini. Aina ya pili ilikuwa imekatwakatwa vijistari vyembamba kila mahali, mamia, kama keki iliyochezewa na kisu.

"Hizi za kwanza ni za mbio," alisema Aboubacar. "Hizo zingine zimekuja tu kwenye kontena. Mi sijui ni za nini."

"Muuzaji gani hajui anachouza?" Papa Orpha akamjibu, na Aboubacar akainua mabega tu, wala hakuumia.

Papa Orpha alibonyeza ukucha kwenye pine ya kwanza. Haukuzama. Akaubonyeza kwenye ya pili, ukaingia kama kwenye mkate, mpira ukarudi polepole. Nikaona uso wake unafunguka. Akanusa, akagonga, akanisomesha tarakimu. "Ona, Spès. Ile ngumu imezeeka, hata waseme nini. Hii ni kijana. Na angalia hii mistari yote. Mvua ya mwezi wa tisa itapita wapi? Humu. Ile ya été haina hata pa kupitisha maji."

Niliona ni akili nyingi. Hata leo nikiifikiria naona ni akili, na hilo ndilo linaniumiza. Kila alichokisema kilitoka kwenye jambo alilolijua kweli.

Ubavuni mwa pine ile laini kulikuwa na alama ndogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake nyota ya ncha sita. Sijawahi kuona kitu nikaacha kuuliza. "Papa Orpha, na hii ni nini?"

Aboubacar alikuwa anasikiliza. Orpha alikuwa anasikiliza. Papa Orpha akaigusa ile alama.

"Mlima ni Bugarama," akasema. "Na hiyo nyota ni mimi!"

Tulicheka sote. Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Jumatano alizifunga. Alizungushia rimu vitambaa ili chuma kisizikwaruze, akafanya kazi polepole kama mtu anayemvisha bibi harusi, nao watu walikuja kuangalia. Maxime alizunguka mtaa mara moja, akarudi akitabasamu. "Hazisikiki, Docteur! Kama niko juu ya godoro."

Ile alama lakini ilinikaa kichwani. Nyota gani ina ncha sita zenye matawi? Niliichora kwa kalamu kwenye kiganja, na Alhamisi mchana nikamwonyesha kaka yangu Prodige, mwenye simu. Alitafuta muda mfupi tu.

"Siyo nyota. Ni theluji," akasema. "Hizi ni pine za theluji, za baridi ya Ulaya. Mpira wanaufanya laini ili usigeuke jiwe kwenye baridi. Kwenye joto unakuwa laini kupita kiasi, ukikanyaga frein gari haishiki vizuri." Akanirudishia mkono wangu. "Kwani nani kaleta theluji Bujumbura?"

Alicheka na kwenda zake. Mimi nilikimbia.

Nilimkuta anakula, peke yake, nyuma ya mabati. Nilimwambia kwa kunong'ona, nikamwonyesha kiganja. Akakitazama kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya pine.

"Nani mwingine anajua?"

"Prodige. Lakini hajui ni za nani."

"Orpha?"

"Hajui."

Akatikisa kichwa. Ndipo nikauliza lile swali langu, naye akanawa mikono.

Maxime alikuwa Gasenyi, na namba yake Papa Orpha alikuwa nayo. Ijumaa nilikaa kwenye pine ya lori asubuhi yote nikimtazama. Saa nne alitoa simu, akaenda nyuma ya mabati. Akarudi haraka. Alipoona namwangalia akasema kwa sauti, kama anamwambia kila mtu, "Réseau," yaani mtandao hakuna. Sylvère alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anaongea na simu yake, anamtania mtu wa Kayanza, na kila neno linasikika.

Saa nane alitoa simu tena. Safari hii hakwenda nyuma. Aliishika tu, akaifuta kioo kwa shati, akairudisha mfukoni. Mteja akaja, akamwita Docteur, naye akainuka.

Ningeweza kwenda kwa Mama Caritas mwenyewe. Ni nyumba ya tatu. Nilifikiri: mtoto ataendaje kusema kwamba mkubwa amekosea, tena mkubwa anayenigawia muwa? Nilifikiri: atasema tu, bado kuna kesho asubuhi. Nikajiambia pengine Prodige amekosea. Naandika haya kwa sababu sitaki mtu asome akadhani aliyenyamaza alikuwa mmoja.

Jumamosi saa moja na nusu Chura alipita. Maxime alikuwa kwenye usukani na suti, na Mama Caritas pembeni yake, amevaa imvutano ya rangi ya zambarau, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani, amekaa chini kabisa kama mtoto kwenye beseni. Alikuwa anacheka. Maxime akapunguza mwendo mbele ya kwado, akapiga honi.

Papa Orpha aliinuka ghafla. Aliinua mkono wote, kiganja wazi, kama polisi anayesimamisha gari. Niliona kabisa. Na Maxime akaanza kukanyaga breki.

Halafu vidole vikaanza kucheza. Mkono ule ule ukawa wa kusalimia. "Safari njema!" akasema. Mama Caritas akampungia, na gari likaondoka.

Habari tulizipata kanisani Jumapili. Mchungaji alisema tumwombee dada yetu Caritas na kijana wake, walipata ajali jana alasiri wakirudi, wakiteremka kutoka Bugarama. Lori lilitokea kwenye kona, gari likateleza, likaingia mtaroni upande wa mlima. Kijana ameumia mkono. Mama amevunjika nyonga. Tuliinamisha vichwa. Mchungaji aliposema amina vichwa vyote viliinuka isipokuwa kimoja, mistari miwili mbele yangu.

Jumatatu tulikwenda kumwona hospitali, mama yangu, mimi, Orpha na baba yake. Maxime alikuwa koridoni, mkono umefungwa. Alipomwona Papa Orpha alimfuata mwenyewe.

"Papa, usiwaze. Ni mimi. Nilikimbiza, nilitaka Mama afike nyumbani mapema. Nikakanyaga frein, gari ikaendelea tu. Pine zako ziko sawa, sina neno na we."

Papa Orpha alifungua mdomo. Aliuacha wazi muda wa kutosha kwa mtu kusema sentensi nzima. Muuguzi akatoka, akamwita Maxime, na mdomo ukafungwa. Mama yangu alikuwa amenishika mkono. Nami mdomo ninao.

Sijui kama ni pine. Nimemuuliza mwalimu wa fizikia bila kutaja majina, akasema inategemea mwendo, mteremko, joto la lami, na vitu vingine vinne. Pengine hata zile ngumu za Aboubacar zisingelisimamisha gari. Nadhani hicho ndicho kilimla Papa Orpha zaidi. Kama angejua kwa hakika angeweza kulia mara moja na kumaliza.

Wiki iliyofuata nilimkuta anasugua ile pine ya lori kwa petroli na brashi. Sylvère alipouliza kwa nini anaharibu kazi yake, alijibu kwamba rangi ilikuwa imeanza kubanduka. Haikuwa imebanduka. Mpaka leo ukitazama jua likiwa upande unaona kivuli cha herufi.

Alianza kusema "sijui". Alilisema kwa shida mwanzoni, kama mtu anayejaribu meno mapya. "Hii sijui. Ngoja niulize." Alinunua daftari la kurasa mia, akaniomba niwe nachora kila alama ninayoiona ubavuni mwa pine na kuandika maana yake kwa herufi kubwa. Kuna ukurasa wa herufi za mwendo, ukurasa wa uzito, ukurasa wa mishale. Kwenye ukurasa wa mlima aliniambia nisiandike kitu, nichore tu.

Wateja wengine walimhama. "Docteur gani anauliza watoto wa shule?" Sylvère alimtania siku moja mbele ya watu watatu.

"Mi siko docteur," alisema Papa Orpha, na akainama kwenye beseni lake.

Kanisani alihama mstari. Zamani alikaa katikati, sasa anakaa nyuma ya nguzo, upande ambao Mama Caritas hawezi kumwona akigeuka. Maana Mama Caritas alipona, lakini anatembea na fimbo. Lile gari lilifunikwa turubai huko Gasenyi, vipuri havikupatikana, kisha petroli nayo ikaadimika, likakaa miaka. Lakini fimbo tunaisikia kila siku: tok, tok, kwenye saruji ya uchochoro wetu.

Mwanzoni ilikuwa inateleza. Papa Orpha alimtuma Orpha aende kuichukua, akaitengenezea kiatu cha mpira kwa kipande cha pine kuukuu. Alikata vipande vitano kabla ya kuridhika, akivibonyeza kwa ukucha kimoja kimoja: kisiwe kigumu kikateleza, kisiwe laini kikaisha. Kikichakaa anakata kingine. Nadhani sasa ni cha kumi na tatu au kumi na nne. Mama Caritas humwita kwa sauti kutoka mlangoni, "Papa Orpha, Mungu akupe maisha marefu! Hata wanangu hawanitunzi hivi!" Naye hujibu "Asante, Mama" akitazama chini.

Siku hizo huwa hali mchana. Orpha anadhani baba yake ana vidonda vya tumbo.

Sikumuuliza tena. Nilikua, nikaingia sekondari, nikawa narudi na vitabu vyangu na kumkuta pale pale. Tuliongea juu ya kila kitu. Lakini ilitokea, labda mara moja kwa mwezi, ile fimbo ikapita wakati tuko wawili, naye akanitazama haraka, nami nikatazama daftari. Aliona bado nauliza.

Wiki iliyopita, Jumanne, nilisikia ile sauti. Nilikuwa bado na sare ya shule. Chura alikuwa amesimama mbele ya kwado, mlango mmoja wa rangi nyingine, na Maxime, ambaye sasa ana kitambi na watoto wawili, alikuwa anapeana mkono na Papa Orpha kwa mikono miwili.

"Amefufuka, Docteur! Fundi amemaliza jana. Lakini angalia pine, zimekauka kwa kukaa."

Nilizitazama. Zilikuwa zile zile. Zimepasuka pasuka, zimekuwa kijivu, lakini alama ilikuwa bado ubavuni, mlima na nyota yake.

"Mama yuko wapi?" Papa Orpha aliuliza. Nilishangaa kwa nini anauliza hilo.

"Anakuja, amesikia honi."

Tok, tok. Mama Caritas alitokea kwenye kona ya uchochoro na kile kiatu cha mpira, amejifunga kitenge. "Mi sipandi tena hiyo chura!" akapiga kelele kutoka mbali. "Mtanitafutia gari ya watu wazima!" Sylvère akacheka, akamletea kiti.

Maxime akageuka kwa Papa Orpha. "Nataka unitafutie nyingine nne. We ndo unajua hii gari. Na usiniletee za kitabu, eh? Nataka zile zile za mlima. Zilikuwa nzuri, kosa lilikuwa la mguu wangu."

Papa Orpha alichuchumaa kando ya pine ya mbele. Aliweka ukucha kwenye mpira, ukakataa kuzama. Akakisogeza kidole mpaka kwenye ile alama, akakiacha hapo. Orpha hakuwepo. Mama Caritas alikuwa ameshakaa, fimbo katikati ya magoti, anamngoja aseme kitu cha kuchekesha kama zamani.

Nilijiona niko katikati ya jambo lisilo langu. Nikaukaza mkoba begani, nikaanza kurudi nyuma polepole kwenda nyumbani.

Aliinua kichwa, akanitazama, na safari hii hakuyatoa macho haraka.

"Namwambia sasa, Spès," akasema. "Na we usiende. Kaa hapo, nisipate njia ya kukimbia."